Wanaume wa Kipupwe

Mdogo wangu amenichosha tangu alipoanza kutembea, lakini kipupwe ndicho kinachonimaliza. Mtu ana miaka thelathini na tisa, ana kazi yake, gari lake na meno yake yote mdomoni, na bado kila mwaka majani ya miti yakishaanguka hapa Chicago alikuwa akiingiza mwanamume nyumbani. Theluji ikiyeyuka mwanamume haonekani, naye anashuka kwangu kulia kwenye kochi langu. Kochi lenyewe nilichagua la rangi ya maziwa kwa sababu nyumbani kwangu hakuna mtoto wala mbwa. Sikumfikiria Letha na wanja wake.

Jina lake kamili ni Arletha Mabry, jina la bibi yetu, na anaendesha basi la shule. Alfajiri anakwenda kulipasha injini moto, anawafikisha watoto, mchana anarudi kula na kunyoosha miguu, alasiri anakwenda kuwarudisha kwao. Nimewahi kumwona akilizima basi katikati ya barabara, akasimama, akageuka, akawatazama wale watoto bila kusema neno, na basi zima likanyamaza hata mwenye kikohozi akakimeza. Mwanamke huyohuyo, mwanamume akimwandikia kwenye simu, "Baridi kali leo, unafanya nini?" anayeyuka kama siagi kwenye mkate wa mahindi.

Nyumba yetu ni ya ghorofa mbili, tuliachiwa na wazazi huku South Side. Mimi nakaa chini kwa sababu ya goti, yeye anakaa juu, na sakafu yake ndiyo dari yangu. Hakuna habari anayoniletea ambayo sijaisikia tayari.

Sasa, mapenzi huku kwetu yana msimu wake kama mahindi. Mwezi wa kumi ukiingia, simu za wanawake wasio na waume zinaanza kulia. Mtu aliyekupita Juni kama hakujui, sasa anakuandikia, "Umeadimika sana, mrembo." Upepo wa ziwani ukishaanza kupenya madirishani, kila mtu anatafuta mgongo wa kuuegemea. Wengine wanapatana waziwazi kwamba ni mpaka theluji iishe, halafu kila mtu ashike njia yake, na hao siwalaumu. Wanajua walichonunua. Ninayemlaumu ni Letha, kwa sababu Letha kila mwaka aliamini.

Kulikuwa na Percy, aliyekuja na blanketi lake la umeme. Siku ya kwanza jirani alipowasha jiko la mkaa uani na moshi wa nyama ukatufikia, Percy alisema anakwenda mara moja kununua mkaa. Mkaa huo tunaungoja mpaka leo. Mwaka uliofuata akaja Quincy na mbwa wake. Alikaa, akanenepa, akaondoka Aprili na mbwa na sufuria ya chuma ya bibi yetu. Mbwa angalau aligeuka akatutazama.

"Mwanamume wa kweli anakuja Julai," nilimwambia. Marehemu mume wangu, Clyde, alinitokea Julai, joto la kumfanya mtu alale sakafuni. Anayekutaka wakati hata shuka ni mzigo mwilini, huyo anakutaka wewe. Anayekutaka Novemba anataka jiko.

"Dada, Julai niko kazini," Letha akanijibu.

"Julai shule zimefungwa, Letha!"

"Basi niko likizo. Sitaki kusumbuliwa."

Ndivyo alivyo. Unaweza kupiga ukuta kichwa mpaka ukuta ukuonee huruma.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Novemba, alishuka jikoni kwangu akaweka simu mezani, akaufuta mbele yangu ule ukurasa wa watafuta wachumba, akaapa. Mwaka huu hakuna mwanamume mpaka Mei. Atakayetaka aje maua yakiwa yamechanua, amwone na jasho lake. Nilifurahi kiasi cha kumkaangia kambare. Kwa furaha akajitupa kwenye kiti, na kwenye kiti kulikuwa na miwani yake.

Bila miwani Letha haendeshi hata toroli, kwa hiyo nilimsindikiza kwenye duka la miwani. Aliyetoka nyuma kutazama vioo alikuwa mwanamume mrefu, mwenye kusema polepole kama anayehesabu maneno yasimwishie, Rodell Suggs. Kazi yake ni kukata vioo. Aliigeuza miwani mkononi, akaitazama, akamtazama Letha.

"Uliikalia," akasema.

"Nani kakwambia niliikalia?"

"Imevunjika kuanzia katikati."

"Mwanamume mwenye adabu hamwambii mwanamke maneno kama hayo."

"Mwenye adabu angenyamaza tu, akakuwekea vioo vinene zaidi," akasema Rodell, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Letha alinitazama kwa jicho la basi la shule. Rodell akaandika namba za vioo, halafu akauliza, bila kuinua macho, kama anaweza kumnunulia kahawa siku moja.

"Huu mwezi gani?" Letha akamuuliza.

"Novemba."

"Basi niulize Mei."

"Mei ni mbali," akasema. "Miwani itakuwa tayari Alhamisi."

Nilirudi nyumbani nikijivunia mdogo wangu. Nilimwona mwanamke mpya. Alhamisi theluji ikaanguka.

Ilianguka ile ya kufunika magari mpaka yakabaki matuta. Wanaoishi hapa wanajua kinachofuata. Unatoka na beleshi, unachimba gari lako mpaka mgongo unalia, na ukiondoka unaweka kiti kwenye ile nafasi uliyochimba. Kiti kibovu, kiti cha jikoni, chochote, ili mradi kionekane. Sheria ya kiti haijaandikwa popote, na ndiyo sheria pekee inayotiiwa na mtaa mzima. Aliyechimba ndiye mwenye nafasi mpaka theluji iyeyuke. Lami ikikauka, kiti hakina haki tena, ni takataka, na lori la manispaa linapita kuvikusanya. Mlinzi wa sheria hii kwetu ni Mzee Broadnax wa nyumba ya ng'ambo, anayekaa dirishani na darubini yake ya kutazamia ndege. Ndege wenyewe kipupwe wamehama.

Rodell hakuijua sheria hiyo. Alikuwa ametoka Alabama, ambako theluji wanaiona kwenye kadi za Krismasi, na tangu ahamie huku alikuwa akiishi kwenye jengo lenye maegesho chini ya ardhi. Siku ile walifunga duka mapema, akaona Letha hawezi kuendesha basi bila miwani, akaamua amletee mwenyewe. Akafika mtaani kwetu, akaona nafasi safi, iliyochimbwa vizuri, na ndani yake kiti cha kukunja. Akashuka. Akakikunja kiti cha Mzee Broadnax, akakiegemeza kwa heshima kwenye mti, akaegesha gari lake.

Mimi nilikuwa dirishani. Nilifungua mdomo nipige kelele, na goti likaniuma, na nilipofika mlangoni alikuwa ameshapanda ngazi za kwa Letha.

Mzee Broadnax naye alikuwa dirishani kwake. Alitoka na ndoo ya maji, akaimwaga juu ya lile gari, akarudi ndani, akatoka na nyingine. Baridi ilikuwa ya kugandisha mate. Rodell aliposhuka baada ya kukabidhi miwani na kukataliwa kahawa mara ya pili, gari lake lilikuwa limekuwa barafu moja, milango na magurudumu, linang'aa kama keki ya harusi.

Alilizunguka lote. "Hapa kuna desturi ambayo sijaelezwa," akasema.

"Kiti!" Mzee Broadnax akampigia kelele kutoka dirishani. "Ulihamisha kiti cha mtu, kijana! Kwenu mlifundishwa nini?"

"Kwetu ukikuta kiti unakaa, mzee."

"Basi kaa hapo mpaka Aprili!"

Letha alikuwa amesimama kibarazani na miwani yake mipya, ananitazama mimi kana kwamba ndimi niliyeumba theluji. Mabasi ya jiji yalikuwa yamesimama. Huwezi kumwacha mtu afe kwa baridi mbele ya mlango wako, hata akiwa mwanamume. "Atakula kwangu," nikasema. "Mboga zipo, na shingo za bata mzinga."

"Atakula kwangu," Letha akasema kwa hasira. "Ni mimi aliyeniletea miwani." Na hivyo ndivyo kiapo cha mpaka Mei kilivyokufa, kabla hata Novemba haijaisha.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia kesho yake, "Umeanza tena."

"Sijaanza kitu. Gari lake limeganda."

"La Percy liliganda pia, Letha, likayeyuka siku ya nyama choma."

"Safari hii nina sheria," akasema. Sheria yenyewe ilikuwa hivi: hakuna kitu cha mwanamume kitakachopanda zile ngazi kisichoingia kwenye mfuko mmoja wa dukani. Akija na mfuko mmoja, ataondoka na mfuko mmoja, na hakutakuwa na sufuria ya mtu itakayopotea humo. Alimwambia Rodell hivyohivyo, usoni, huku anamwandalia mayai. Nilidhani mwanamume atajikwaa, aulize kwa nini. Rodell akauliza tu, "Mfuko wenye ukubwa gani?"

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe hatuna, alipewa beleshi. Nitasema ukweli, hakungoja kupewa. Gari lilipobanduliwa barafu, alimwendea kwanza Mzee Broadnax, akakirudisha kiti chake mahali pake, akaomba radhi. Halafu akaja mbele ya mlango wetu, mahali ambapo lori la kusukuma theluji lilikuwa limerundika kilima kizima, mahali ambapo Letha mwenyewe alikuwa amepatazama akakata tamaa na kuegesha mtaa wa pili. Akachimba tangu asubuhi. Mtu wa Alabama yule hakujua kuchimba. Alitupa theluji upande ambao upepo ulimrudishia usoni, na Mzee Broadnax alimsimanga kutoka dirishani kama mtangazaji wa mpira. Lakini alimaliza, mpaka lami ikaonekana.

"Hii ni ya Letha," akasema. "Asubuhi anatoka mapema, asitembee gizani kufuata gari."

Jioni alirudi na kiti kutoka jikoni kwake. Kilikuwa kiti kizuri, cha mbao ya mwaloni, mgongo wa fito, cha kukaliwa na watu Jumapili. Nilimwambia watu hawaweki viti kama hivyo barabarani, wanaweka vibovu. "Sina kibovu," akanijibu. "Ninavyo vinne, vyote viko hivi. Vya mama yangu."

Basi kikawa kinakaa pale. Letha akitoka alfajiri, Rodell anashuka anakiweka. Letha akirudi mchana, anakitoa anakiegemeza kwenye ngazi. Chumvi ya barabarani ikakila miguu, rangi ikababuka. Na juu, jikoni kwa Letha, mlikuwa na viti viwili tu, visivyofanana, maana mtu anayehesabu kwamba ataachwa hanunui cha tatu. Nikipanda kula nao Jumapili, mimi nakalia kimoja, Letha kingine, na Rodell anakalia ndoo ya chumvi ya kumwaga kwenye ngazi. Kiti chake mwenyewe kiko nje kimekalia barafu, mwenyewe amekalia ndoo, kwa sababu kiti hakiingii kwenye mfuko.

"Letha," nikamwambia jikoni, "mpandishie mtu kiti chake."

"Sheria ni sheria."

"Hiyo si sheria, huo ni wendawazimu. Mtu amepika, ameosha vyombo, anakaa kwenye ndoo!"

"Percy pia aliosha vyombo."

"Percy aliosha kikombe chake!"

Nikamgeukia Rodell. Nilikuwa nimechoka na wote wawili. Nikamuuliza wazi, mbele ya Letha, "Wewe, Machi utakuwa wapi?"

Letha aligeukia sinki ghafla. Nilimwona mabega yakimpanda. Hapo ndipo nilipojua kwamba ameshapotea, kwamba huyu si wa blanketi la umeme, na kwamba huyu akiondoka kochi langu halitatosha.

Rodell alifikiri, polepole kama kawaida yake. "Machi nitakuwa nimechoka sana na theluji," akasema.

Hilo ni jibu? Nakuuliza wewe msomaji. Mtu anaulizwa swali la maisha ya watu, anajibu habari za hali ya hewa! Nilichukua sahani yangu nikashuka. Na Letha hakumuuliza tena. Kipupwe chote hakumuuliza, aliogopa. Alicheka naye, alimfundisha kutembea kwenye barafu bila kuanguka, alimsokotea skafu ya rangi ya basi la shule, na kila Jumamosi alipofua nguo zake alizikunja akazirudisha ndani ya ule mfuko wa dukani nyuma ya mlango. Kamwe hakuziweka kabatini. Nilitamani kuuchoma moto ule mfuko.

Machi ikafika. Theluji ikaanza kuwa chafu, halafu ikawa matope, halafu siku moja jua likatoka kama limelipwa. Lami ikakauka. Vijana wakatoka na fulana. Mtu fulani nyuma ya nyumba, sijui ni nani na sitaki kumjua, akawasha jiko la mkaa.

Letha alikuwa amerudi mchana, amekaa dirishani juu na kikombe chake. Mimi nilikuwa kibarazani nikiota jua goti. Gari la Rodell likaja, akashuka na nguo za kazi. Hakupanda. Akakiendea kile kiti kwenye ngazi, akakigeuza miguu juu, akakitikisa, akakitia kwenye buti.

"Rodell," nikamwita. "Unakwenda wapi na kiti?"

"Lori la manispaa linakuja kukusanya, Dada Vernita. Kitachukuliwa." Akaingia kwenye gari. Nikamwona anafikiri kama aongeze neno. Hakuongeza. Akaondoka.

Ng'ambo dirisha likafunguka. "Kiti kimeondoka!" Mzee Broadnax akatangaza, kana kwamba sisi ni vipofu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sikupanda hata ngazi ya tatu, nikasikia mlango wa juu. Letha alishuka akiwa na ule mfuko. Ulikuwa umejaa tayari, bila shaka, ulikuwa umejaa tangu Novemba. Alichoongeza ni ndala za Rodell na chupa yake ya pilipili. Akauweka kibarazani, akaukunja mdomo vizuri kama anayefunga zawadi.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Hatujui kaenda wapi. Piga simu uulize."

"Siulizi." Macho yake yalikuwa makavu, na hilo liliniogopesha kuliko machozi. "Miaka yote nimekuwa naachwa, Dada. Mwaka huu naacha mimi. Akirudi, mpe mfuko, mwambie nimekwenda kazini."

"Hasira hasara, Letha."

"Basi nimepata hasara. Nimezoea." Akaingia garini akaenda kuchukua watoto wa watu.

Nilikaa pale na mfuko. Nilimtukana Rodell kwa moyo wote, nikamtukana Percy, nikamtukana Quincy na sufuria yetu, nikamtukana hata Clyde kwa kufa na kuniacha na shughuli kama hizi. Nilikuwa bado natukana gari liliporudi.

Buti lilikuwa wazi, limefungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na viti vinne. Kile cha barabarani kilikuwa kimekwanguliwa chumvi na kupakwa mafuta, mguu uliolegea umegundishwa, kikawa ndugu wa wenzake. Rodell alivishusha kimoja kimoja, akavipanga kwenye njia ya miguu. Alikuwa anajichekea. Halafu akaona mfuko.

Akaufungua mdomo. Akaona ndala. Akaona pilipili.

"Letha kasema niondoke?"

"Letha kakuona na kiti! Kwa nini hukusema neno, wewe mtu? Ulimi ulikuwa wapi?"

"Nilitaka aje avikute mezani."

"Mungu wangu!" nikasema. "Kipupwe kizima anangoja useme neno moja, wewe unamfichia viti!"

Alisimama na mfuko wake mkononi, mwanamume mzima, na uso ulivyomshuka ulinikata maini. Nikadhani atavirudisha viti kwenye buti. Mimi ningevirudisha. Badala yake alilipeleka gari lake mtaa wa pili, akarudi kwa miguu, akavichukua vile viti akavipanga barabarani, kwenye nafasi ile ile mbele ya mlango wetu aliyoichimba. Mfuko akauweka juu ya kimoja. Kingine akakikalia, akafunga skafu yake ya njano, akakunja mikono.

"Ingia ndani," nikamwambia. "Jua likishuka patakuwa na baridi."

"Niko sawa, Dada Vernita."

Akakaa. Magari yakampigia honi, akayapungia mkono. Watoto wakamzunguka wakamuuliza kama anauza viti. Mzee Broadnax alifungua dirisha, akamtazama kwa darubini ingawa ni ng'ambo tu ya barabara. Baridi ikarudi pamoja na kivuli. Nilimpelekea kahawa, akanishukuru, lakini hakunyanyuka.

Letha akatokea kona ya barabara. Alikuja mpaka mlangoni, akakuta nafasi yake ina samani. Akapiga honi. Rodell hakusogea. Akapiga tena, honi ndefu ya mtu mwenye uchungu, akashusha kioo.

"Ondoka hapo!"

"Hapa nimechimba mwenyewe," Rodell akasema.

"Theluji imeyeyuka, Rodell! Lami kavu! Muulize Mzee Broadnax. Kiti hakishiki nafasi tena!"

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekikalia."

Letha alizima gari palepale, katikati ya barabara. Akashuka, akasimama, akamtazama kama anavyowatazama wale watoto, na mtaa wote ukanyamaza. Alivihesabu viti kwa macho. Nilimwona anakifahamu kile cha theluji, anaona mguu uliogundishwa. Nikamwomba Mungu asirudi ndani ya lile gari.

Akautoa mfuko juu ya kiti, akautupa chini. Akakinyanyua kiti. Akanipita kibarazani nacho, machozi yanamtiririka na wanja wote, akasema, "Dada, usisimame tu kama mti, nishikie mlango." Nikamshikia mlango. Rodell akafuata na viwili, akarudi kuchukua cha nne, na nyuma ya gari la Letha foleni ya honi imefika kona. Mfuko wakausahau barabarani. Niliuokota mimi, na goti hili.

Naandika haya Julai. Joto ni lile la kulala sakafuni, hata shuka ni mzigo. Madirisha yote yako wazi, na huko juu wanakula. Nasikia viti vikikokotwa juu ya kichwa changu, huku na huku, kwa sababu yule mtu hajui kukinyanyua kiti akitoka mezani. Nimemwambia aviwekee vitambaa miguuni. Anasema atafanya polepole, haraka ya nini.